Kiti Kilichotembea Peke Yake

Mkono wa fundi ulikuwa bado ndani.

Wiki jana tulimwacha Benard Kiptum, fundi wa umeme wa magari kutoka Kericho mjini, amelala kifudifudi ndani ya gari la Mzee Kipsang. Kichwa kilikuwa chini ya kiti cha dereva, na mkono wa kulia ulikuwa umezama mpaka kwenye kiwiko ukitafuta waya. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake. Hakuna mtu aliyekuwa amekalia kiti wala kugusa swichi. Na kiti kikaanza kwenda.

Hakikwenda kwa haraka. Kilikwenda polepole, kikinguruma kama paka aliyeshiba, mpaka chuma chake cha chini kikaukuta mkono wa Kiptum na kuubana kwenye reli.

"Toeni betri," alisema Kiptum.

Hakupiga kelele. Ni mtu wa namna hiyo. Wanaomjua wanasema hata alipong'olewa jino alimwambia daktari asante.

Nje ya gari walisimama watu watatu: Rodah, mke wa Mzee Kipsang, Kipkoech, kijana wao wa kwanza, na Nyang'au, dereva. Nyang'au ndiye aliyekimbia na spana. Kipkoech akamzuia kwa kifua.

"Wewe usiguse hii gari."

"Mkono wa mtu unavunjika, Kipkoech."

"Nimesema usiguse. Ya baba haijakutosha?"

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo ni haya. Mzee Kipsang ni mwenyekiti wa kituo cha majani chai hapa Boito. Gari lake lina kiti kinachoendeshwa kwa umeme: unabonyeza swichi iliyo ubavuni, kinakwenda mbele au nyuma. Jumamosi iliyopita Mzee alikuwa akiendesha mwenyewe, kwa sababu Nyang'au ni Msabato na Jumamosi hafanyi kazi. Kwenye kona, kiti kilijiendea mbele bila kuguswa, kikamgandamiza Mzee kwenye usukani mpaka mbavu zikavunjika. Gari likaingia kwenye majani chai. Mzee yuko hospitali na mpira wa kupumulia mdomoni, hawezi kusema.

Tangu siku hiyo watu wa Boito wana hesabu moja tu. Siku ambayo kiti kilitaka kuua ndiyo siku ambayo Nyang'au hakukikalia. Na Nyang'au ni Mkisii kati ya Wakipsigis. Tuko mwaka wa tisini na nne, nyumba zilizochomwa katika fujo za makabila za mwaka juzi bado hazijaezekwa zote. Mtu hakuhitaji kuimaliza sentensi.

"Kipkoech," alisema Rodah. "Toka njiani."

Alisema mara moja. Kipkoech akatoka njiani.

Nyang'au aliinua boneti, ambayo ni ngumu na lazima uisukume kwa goti kwanza, akalegeza kichwa cha betri. Mngurumo ukakatika. Kiptum aliuzungusha mkono kidogo kidogo, akauchomoa, akaacha ngozi yake kwenye chuma.

"Asante," alimwambia Nyang'au.

"Unamshukuru?" aliuliza Kipkoech. "Huoni vile anaijua? Hata goti lake linajua mahali pa kusukuma."

"Mimi ni dereva wa hii gari tangu inunuliwe," alisema Nyang'au. "Ulitaka nisijue kufungua boneti?"

"Nilitaka usijue kufungua kiti."

Rodah alipasua ukingo wa leso yake, akamfunga fundi mkono. Nje ya lango watu walikuwa wameanza kujaa. Walisimama kwenye ukungu na makoti ya mvua, mzee wa kijiji kati yao, wakingoja neno moja tu kutoka kwa fundi: ni mkono wa mtu, au si mkono wa mtu.

Msomaji, neno hilo ndilo maisha ya Nyang'au. Fundi akisema ni mkono wa mtu, mtu wenyewe ameshajulikana.

*

Kiptum ana tabia moja. Gari likimshinda, hurudi mwanzo, kama mwanamke aliyeangusha sindano anayerudia njia yote aliyopita. Hakurudi kwenye kiti. Alikwenda kwenye sanduku la fyuzi.

Akalifungua. Akatazama. Akainama karibu zaidi.

"Nini?" aliuliza Kipkoech, akasogea. "Fundi, ni nini hiyo?"

Mahali pa fyuzi ya kiti palikuwa na waya. Waya wa shaba, umesokotwa vizuri, umebanwa pande zote mbili.

Kabla Kiptum hajajibu, Nyang'au alisema, "Ni mimi niliweka."

Ilikuwa kama amepiga mtu kofi. Hata ng'ombe waliokuwa wakicheua zizini walionekana wamesimama kusikiliza.

"Rudia," alisema Kipkoech.

"Niliweka mimi. Fyuzi ilikuwa inaungua kila mara. Hiyo aina haipatikani Litein wala Kericho, mpaka itoke Nairobi. Mzee ni mfupi, mimi ni mrefu. Kiti kikikataa kwenda, Jumamosi mguu wake haufiki kwa breki. Akaniambia, Nyang'au, weka chochote, bora kiti kiende."

"Mzee alikwambia."

"Aliniambia."

"Na shahidi wako ana mpira mdomoni." Kipkoech alicheka bila furaha. "Umechagua shahidi mzuri sana."

Hapo ndipo Gesare, mke wa Nyang'au, alipofika. Alikuwa ametoka kuchuma majani kwenye shamba la Mzee huyohuyo, kikapu bado kikiwa mgongoni. Alikuwa amesikia tangu mumewe alipokubali, na ilimtosha. Alimwendea mumewe, akamwambia jambo kwa Kikisii, kwa sauti ya chini.

"Ongeeni Kiswahili," alisema Kipkoech. "Hapa si kwenu."

"Haya, Kiswahili," alijibu Gesare. Hakumtazama. "Nimemwambia twende polisi wenyewe, sasa hivi, kabla ya hao wa langoni kuamua. Watamfunga, lakini aliyefungwa anapelekewa chakula. Aliyekufa hapelekewi."

"Nikienda nitakuwa nimekubali," alisema Nyang'au.

"Umeshakubali. Si nimesikia?"

"Nimekubali waya. Sijakubali Mzee."

Wote wakamgeukia Kiptum. Fundi alikuwa ameuchomoa ule waya, anaugeuza geuza kwenye mwanga.

"Ulifanya vibaya," alimwambia Nyang'au.

"Najua."

"Vibaya sana. Kiti kilipomkandamiza Mzee, fyuzi ingeungua, kiti kingesimama. Waya huu haukuungua. Kiliendelea kusukuma."

Nyang'au aliinamisha kichwa. Rodah akaziba mdomo kwa mkono. Kipkoech aliangalia langoni kama mtu anayetaka kuwaita wenzake.

"Lakini ngoja," alisema Kiptum. "Fyuzi ni mlinzi wa lango. Aliyemfukuza mlinzi amekosa, sawa. Bado hajawa mwizi. Waya hauwezi kuanzisha kiti. Kuna kitu kingine kilichoingia humu na kukiambia kiti kiende. Na fyuzi zilikuwa zinaungua kabla ya waya. Kitu hicho kilikuwa ndani tayari."

"Kitu gani?"

"Sijui."

"Sasa unatetea kitu usichokijua?"

"Sitetei mtu, Kipkoech. Nipe nafasi nimalize kupima. Nikikuta ni Nyang'au, nitasema ni Nyang'au. Hata mimi nitakaa wapi hapa Kericho nikiwadanganya?"

Kipkoech alifikiri. Tusimwone mbaya. Ni kijana ambaye alimtoa babake kwenye usukani kwa mikono yake mwenyewe, akasikia mbavu zikilia. Mtu wa hivyo anatafuta pa kuweka uzito.

"Huyu akae hapo karibu, nyuma ya ghala la mahindi," alisema hatimaye, akimwonyesha Nyang'au. "Asionekane na wale wa langoni. Na asiondoke."

Nyang'au akaenda. Gesare akamfuata na kikapu chake.

*

Kiptum aliweka fyuzi ya kweli, moja iliyotoka Nairobi, aliyokuja nayo kwenye sanduku lake la vyuma. Kisha akachomoa plagi ya swichi ya kiti, akamwambia Kipkoech, "Rudisha betri. Wewe mwenyewe. Usije ukasema ni mtu mwingine."

Kipkoech akarudisha. Wakasimama mbali, kama watu waliowasha moto kwenye nyasi kavu.

Kiti kilitulia.

"Sasa narudisha plagi," alisema Kiptum. Akairudisha.

Kiti kilitulia.

Wakangoja. Jua lilikuwa limeupasua ukungu, majani chai yakaanza kung'aa mlimani. Kuku alipita chini ya gari akatoka upande wa pili. Kiti hakikutikisika.

"Hakiendi," alisema Kipkoech. "Asubuhi kilikwenda na huyo mtu akiwa hapa. Sasa ameondoka, hakiendi. Bado unataka nikuambie nini, fundi?"

Msomaji, hata mimi ningekuwa pale ningetetemeka. Kiptum mwenyewe alikaa chini kwenye nyasi. Alitazama mlima. Alitazama mkono wake uliofungwa leso.

"Jumamosi ile," alimwuliza Rodah, "hali ya hewa ilikuwaje?"

"Mvua ilinyesha tangu alfajiri."

"Na leo asubuhi palikuwa na ukungu. Jana mchana nilipofika, jua likiwaka, nilibonyeza swichi mpaka kidole kikachoka, kiti kikakataa." Akainuka. "Mama, naomba sufuria ya maji yanayochemka. Yatoke mvuke."

"Unataka chai?" aliuliza Kipkoech.

"Baadaye."

Rodah alileta sufuria. Kiptum aliiweka kwenye ukingo wa mlango, chini ya swichi ya kiti, akauacha mvuke upande juu. Alivuta mikono yake nyuma na kuikunja kifuani, ili kila mtu aione.

Mvuke ulipanda. Ukaifunika swichi. Ukapaka matone kwenye ngozi ya kiti.

Kiti kikanguruma, kikaanza kwenda mbele.

Rodah alirudi nyuma hatua kadhaa, akashika nguzo ya kibanda. Kiptum alinyoosha mkono mzima, akachomoa plagi ya swichi. Kiti kikasimama. Akairudisha. Kikaenda. Akaichomoa tena. Kikasimama.

"Waya za chini ziko salama," alisema. "Mota iko salama. Ugonjwa uko ndani ya swichi. Ikipata unyevu inajibonyeza yenyewe."

"Kwa hiyo si mtu," alisema Rodah. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake kulegea.

"Ngoja tuifungue."

Laiti wangejua, wasingeharakisha kuifungua.

Kiptum alilegeza skrubu kwa bisibisi ndogo, akainyanyua swichi kutoka ubavuni mwa kiti, akaigawa mara mbili kwenye kitambaa cheupe juu ya boneti. Kipkoech aliinama kutazama. Kisha akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

Ndani ya swichi mlikuwa na unga mweusi. Umejikusanya kwenye vyuma vidogo vya kupitishia umeme, umegandamana kama masizi yaliyochanganywa na mafuta.

"Dawa," alisema Kipkoech.

"Usiseme hivyo kwanza," alisema Kiptum.

"Nimeona kwa macho. Unga mweusi, umefichwa ndani ya kiti cha baba yangu. Hiyo inatoka wapi, kama si kwao? Ndiyo maana kinakwenda peke yake."

"Kipkoech, njoo uishike. Njoo uitazame vizuri."

"Nishike dawa ya mtu? Shika wewe, ambaye umeamua kufa."

Akageuka, akaenda langoni kwa hatua ndefu. Walimwona akisema. Walimwona akielekeza mkono kwenye gari. Na wale watu waliokuwa wamesimama kila mmoja na neno lake, wakaanza kusimama kwa pamoja.

*

Kiptum hakumfuata Kipkoech. Alichukua chembe ya ule unga, akausugua kati ya kidole na kidole. Masizi ya plastiki iliyoungua hunata na kunuka vibaya. Huu haukunata. Ulisagika laini kama vumbi, ukaacha vidole vyeusi na mafuta kidogo. Akavipeleka puani.

Akafumba macho.

Hakuna mtoto wa nyumba ya Kipsigis asiyeijua harufu ile. Ni makaa ya mti yanayosuguliwa ndani ya kibuyu kabla maziwa hayajatiwa yagande. Ni mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu.

"Mama," alisema bila kumtazama Rodah. "Ni nani alibeba maziwa ndani ya gari hili?"

Rodah alikuwa ameikunja leso yake iliyopasuka, anaikunjua, anaikunja tena. Kiptum hakuuliza mara ya pili. Alichukua kitambaa na kuanza kufuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Siku ya kwenda Sigowet," alisema Rodah mwishowe. "Siku ya koito."

Alieleza kwa sauti ndogo. Siku hiyo walikuwa wanakwenda kuposa, kumwombea Kipkoech mke. Mzee, Kipkoech na wazee wengine walitangulia kwa gari la jirani. Yeye alibaki na Nyang'au, na kibuyu cha mursik aliyoitengeneza kwa mkono wake, ya kupelekea wakwe. Buti lilikuwa linanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akakaa nyuma ya dereva, akakiegemeza kibuyu kati ya kiti cha dereva na mlango.

"Barabara unaijua. Maziwa yalikuwa yamechacha vizuri, yana nguvu. Tuliruka shimo moja, kifuniko kikatoka. Karibu nusu ilimwagika ubavuni mwa kiti."

"Ukaficha."

"Ungesema wewe? Unakwenda kuomba binti wa watu, na maziwa ya kuombea yamemwagika njiani. Wazee wa kule wangeuliza ni nani ameikataa ndoa hii. Wangeturudisha hata kabla hatujakaa. Nikapita kwa dada yangu, nikajaza kibuyu kwa mursik yake. Wakwe wakanywa, wakanisifu. Mpaka leo wananisifu kwa maziwa ya dada yangu."

Alitaka kutabasamu, ikashindikana.

"Na aliyeyapangusa?" aliuliza Kiptum.

"Nyang'au. Kesho yake akaosha na maji ya moto na sabuni, nikamwambia aoshe mpaka harufu iishe."

"Maji ndiyo yaliyoyasukuma makaa ndani ya swichi," alisema Kiptum polepole. "Makaa haya yakikauka huzuia umeme, yakilowa huupitisha. Chumvi ya maziwa nayo inasaidia." Kisha akaacha kufuta bisibisi. "Mama, Nyang'au anajua?"

"Anajua maziwa yalimwagika. Sidhani anajua ndiyo yaliyofanya hivi. Lakini nilimwapisha. Nilimwambia, hata Mzee asisikie."

"Na tangu Jumamosi wanamwita muuaji, hajasema."

Rodah aliketi kwenye ukingo wa mlango wa gari, karibu na sufuria iliyopoa.

"Benard, kijana wangu. Waambie ni maji. Mvua iliingia. Maji ni maji, nani atabisha?"

"Maji hayana makaa, Mama. Kipkoech ameshawaambia ni unga mweusi. Wataniuliza unga umetoka wapi."

"Harusi ni mwezi wa Desemba. Binti mwenyewe ameshaanza kuniita mama. Leo wakisikia nilidanganya kwenye koito yenyewe, na maziwa yaleyale yamekwenda kumvunja Mzee, watasema nini? Watasema ndoa hii imekataliwa na Mungu, na mimi nililazimisha. Kipkoech atanitazamaje?" Akamshika mkono ule uliofungwa. "Usiseme. Nakuomba kama mama yako. Nyang'au ana kwao. Anaweza kwenda kwao."

Kiptum hakuuvuta mkono wake.

"Mimi sitakusema," alijibu. "Nilikuja kutengeneza kiti, sikuja kufungua siri za nyumba ya mtu. Lakini sitasema maji. Wakiniuliza, nitanyamaza. Na nikinyamaza, unajua watakalofanya."

Upepo ulileta sauti za langoni. Mtu mmoja alikuwa akisema kwa nguvu kwamba mwaka ule wa fujo waliosamehewa walisamehewa bure.

Rodah alisikia. Aliitazama swichi iliyofunguliwa vipande viwili kwenye kitambaa cheupe, ndogo, nyeusi, isiyojaza kiganja.

"Mwaka ule," alisema, kama anayeongea na swichi, "Mzee alikwenda mwenyewe mpaka Kisii kumrudisha Nyang'au. Aliwaambia hawa hawa, huyu ni mtu wangu. Akipona akaniuliza yuko wapi, nitamwambia ana kwao?"

Akainuka. Alikunja kitambaa na swichi ndani yake, akakishika kwa mikono miwili, akaenda langoni.

*

Watu walimpisha. Alisimama mbele ya mwanawe.

"Nusa," alisema.

"Mama, weka hiyo kitu chini."

"Nimeishika na sijafa. Nusa."

Mzee wa kijiji akasema, "Nusa, kijana. Mama yako hawezi kukuua mbele yetu."

Kipkoech aliinamisha uso. Alinusa kwa woga, kisha akanusa tena kwa mshangao. Alichukua chembe kwa kidole. Alimtazama mamake, na hasira ikawa inamtoka usoni kama maji yanayonyonywa na mchanga.

"Hii ni ya nyumbani," alisema. "Hii ni kibuyu yako."

"Ni kibuyu changu. Ni mursik ya koito yako. Ilimwagika tukienda Sigowet, nikaficha. Nyang'au alinifichia kwa sababu nilimwapisha. Hakuna dawa hapa. Kuna maziwa yangu na uongo wangu. Fundi yuko pale, muulizeni."

Hakuna aliyemwuliza fundi. Baadhi waliangalia viatu vyao. Mmoja alikohoa. Yule aliyesema habari za mwaka wa fujo aligundua ghafla kwamba ng'ombe wake hajakamuliwa.

"Na wale wa Sigowet?" aliuliza mzee wa kijiji, kwa upole.

"Nitakwenda mwenyewe kuwaambia. Wakimkataa mwanangu, watakuwa wamenikataa mimi."

Kipkoech alikuwa bado ameshika ile chembe kwenye kidole.

"Nilimwita mchawi," alisema. Hakumwambia mtu yeyote. Kisha akasema kwa sauti, "Nyang'au. Nyang'au, njoo."

Akaenda mwenyewe mpaka nyuma ya ghala la mahindi. Kiptum na Rodah wakamfuata.

Nyuma ya ghala palikuwa na kikapu cha majani chai, kimejaa, na Gesare ameketi kando yake. Peke yake.

"Yuko wapi?" aliuliza Kipkoech.

"Amekwenda."

"Amekwenda wapi? Mambo yameisha, Gesare. Mama amesema yote. Si yeye."

Gesare aliwatazama wote kwa zamu, akafika kwa Rodah, akabaki hapo.

"Sisi hatukusikia hayo ya langoni. Tulisikia ya kwenye gari. Ukuta wa ghala ni mbao tu. Tulisikia Mama akisema asitajwe, na Nyang'au ana kwao. Akaniambia, Gesare, kama hata Mama amesema hivyo, hakuna wa kunisemea. Akapita katikati ya majani. Anakwenda polisi kujipeleka."

Rodah alikaa chini palepale, juu ya mchanga.

"Polisi ni ng'ambo ya daraja," alisema Kiptum. "Hajafika. Tumfuate kwa gari."

Walikimbia. Kiti kilikuwa kimesimama mbele kabisa, karibu kugusa usukani, hata mtoto asingeingia. Swichi ilikuwa vipande viwili kwenye kitambaa. Kiptum alichukua waya mbili, akaziunga kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye plagi ya mota. Kiti kikanguruma, kikarudi nyuma kwa utii, mpaka mwisho wa reli. Akazichomoa, akaifunga plagi kwa kitambaa.

"Hakina pa kupata umeme tena," alisema. "Hakitasogea mpaka nikiletee swichi nyingine. Ingia. Endesha."

Kipkoech alikiangalia kiti kilichomvunja babake. Aliketi. Aliwasha injini, ikashika. Gesare na Rodah walikuwa wameshaingia nyuma, mmoja huku, mmoja kule. Kiptum akapanda mbele.

Gari halikuondoka.

Mikono ya Kipkoech ilikuwa juu ya usukani, imetulia mno.

"Twende," alisema Gesare. "Unangoja nini?"

"Darajani kuna vijana," alisema Kipkoech. "Wako pale tangu asubuhi, na marungu."

"Nani amewaweka?"

Kwenye kioo Rodah aliyaona macho ya mwanawe yakimkwepa, na akajua kabla hajasikia.

"Ni mimi," alisema Kipkoech. "Niliwaambia akitokea kule kabla mimi sijafika, wasimwulize kitu, wapige tu."